Usile viazi vyote: weka mbegu kwenye mchanga

Kwetu Tabora, ukame unapopita, mahindi yakikataa tunarudi kwenye viazi vitamu. Michembe (viazi vibichi vilivyokatwa na kukaushwa) na matobolwa (vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakaushwa) vimevusha nyumba nyingi, hilo halina ubishi. Shida inakuja Novemba: mvua imenyesha, matuta yako tayari, marando, yaani mashina ya viazi ya kupanda, hakuna. Yaliyobaki shambani yalishakauka au yameliwa na mbuzi, na ya kununua ni ya kugombania.

Ukivuna, chagua viazi vya wastani visivyo na jeraha wala tundu la fukusi. Hapa usione huruma, chenye tundu kimoja kitaharibu vyote. Chukua beseni kuukuu, tandika mchanga mkavu uliopoa (ukitoka juani uache kwanza upoe), panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena. Weka ndani, mahali pa kivuli pasipofika maji. Kila mwezi fukua uangalie, kilichooza toa.

Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, yaani kuanzia katikati ya Septemba, vitakuwa vimeanza kuchipua. Vihamishie kwenye kitalu kidogo karibu na nyumba, uzungushie miiba, umwagilie. Maji uliyooshea mboga yanatosha kusaidia. Mvua ya kwanza ikigonga bati, unakata marando yako mwenyewe na kupanda siku hiyohiyo, wakati jirani bado anaulizia mbegu bondeni.

Sisi beseni letu liko chini ya kitanda. Watoto wameshazoea.