Kabla hujaiuza kompyuta yako kwa bei ya kutupa, ionjeshe Linux Mint kwa flashi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 swali ni lilelile: "Kaka, Windows 10 imekufa, niuze mashine?" Haijafa. Kompyuta inawaka kama jana, faili ziko palepale, printa inachapa. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama kutoka Microsoft, yaani tundu likigunduliwa leo, kwako halizibwi. Kwa mtu anayeingia akaunti ya benki au kufungua barua pepe za wateja kwa mashine hiyo si jambo dogo. Lakini si sababu ya kuiuza EliteBook yenye RAM ya GB 8 kwa bei ya kitochi.

Shida ni kwamba Windows 11 inachagua. Inataka chipu ya usalama TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa ambazo, ukiacha chache sana, zinaanzia kizazi cha nane. Kizazi unakisoma kwenye namba baada ya kistari. i5-6300U, ile utakayoikuta kwenye HP EliteBook 840 G3 nyingi za mtumba, ni kizazi cha sita: imekosa. i5-8250U ni cha nane: inaingia. i5-10210U ni cha kumi, usije ukasoma "1" ukakata tamaa. Kuiona ya kwako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa prosesa. Ukiandika tpm.msc utaona na toleo la TPM.

Wapo mafundi wanaoukwepa ukaguzi na kukupigia Windows 11 kwa nguvu. Inawezekana, hata mimi nimewahi. Ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, kwa hiyo umelipa fundi ili urudi ulikotoka.

Somo la leo ni njia nyingine. Tunaiwasha Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, kutoka kwenye flashi, diski haiguswi. Ukiipenda unaisakinisha. Usipoipenda unachomoa flashi, unawasha upya, Windows yako unaikuta kama ulivyoiacha.

Hatua ya 1: nakala, halafu flashi sahihi

Hamisha picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje kwanza. Najua hakuna anayependa kusoma mstari huu. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows), ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya ubao mama inayowaka kabla ya Windows), Windows inaweza kuudai, na hapo hakuna cha kubembeleza.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na kila kilichomo kitafutika. Mwaka juzi nilikuwa na flashi mbili nyeusi, GB 16 zote, zimefanana kama kurwa na doto. Moja yangu, nyingine ya dada yangu, ndani yake tasnifu. Programu ya kuandika flashi ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Nakala pekee iliyobaki ni ile aliyokuwa amemtumia msimamizi wake wiki tatu nyuma. Mpaka leo nikichomeka flashi mbele yake anauliza, "Hiyo ya nani?" Za kwangu sasa zote zina tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye ncha. Rangi alitoa yeye.

Hatua ya 2: kupakua

Nenda linuxmint.com. Utaona ladha tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. RAM ikiwa GB 4 kwenda juu chukua Cinnamon, inafanana na Windows kiasi kwamba hata mama dukani ataona kitufe cha kuanzia kipo palepale chini kushoto. RAM ikiwa ndogo chukua Xfce. Chukua toleo la 22 au lolote la mfululizo huo, lina uhakika wa masasisho hadi 2029.

Faili inakaribia GB 3. Kwa wanaotumia bando la usiku, ushauri wangu ni kupakua kwa torenti (programu inayopakua vipande vipande) badala ya kivinjari, kwa kuwa mtandao ukikata kwenye GB 2.7 torenti inaendelea pale ilipoishia. Kwa kivinjari unaweza kujikuta unaanza sifuri, na bando halirudi.

Hatua ya 3: kuhakiki

Hii watu wanairuka, halafu wanakuja kusema Linux mbovu. Faili iliyoharibika njiani inaweza kuwaka vizuri tu ikakwama katikati ya kusakinisha. Fungua dirisha la amri kwenye Windows, nenda kwenye folda yenye faili, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Subiri kidogo. Itatoa mstari mrefu wa herufi na namba 64. Ulinganishe na ule ulioko kwenye tovuti ya Mint. Mimi hutazama sita za mwanzo na sita za mwisho, zikilingana naendelea.

Hatua ya 4: kuandika flashi

Pakua Rufus, programu ya kuandika flashi, ni ndogo, wala haihitaji kusakinishwa. Ifungue, chagua flashi (tone jekundu!), chagua faili ya Mint, bonyeza kitufe cha kuanza. Ikikuuliza namna ya kuandika, kubali ile inayopendekezwa. Kunakili tu faili kwa kuburuta hakusaidii, kompyuta haitabuti, yaani haitawaka kutoka kwenye flashi hiyo.

Hatua ya 5: kubuti

Zima Windows huku umeshikilia Shift. Hiyo Shift ina sababu: Windows ya siku hizi ukiizima inajilaza nusu ili iwahi kuwaka, na Shift inailazimisha izime kabisa. Kisha washa huku unagonga kitufe cha menyu ya kubuti. Dell na Lenovo nyingi ni F12. HP ni Esc kisha F9. Asus nyingi ni Esc. Acer ni F12, ingawa zipo ambazo lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS. Chagua flashi, gonga Enter, na baada ya dakika moja au mbili eneokazi la Mint liko mbele yako.

Hatua ya 6: onja kwelikweli

Usikimbilie kusakinisha. Kaa nayo jioni nzima. Unganisha Wi-Fi. Cheza video usikilize sauti. Punguza mwanga wa skrini kwa vitufe vyake. Fungua kamera. Funga mfuniko, subiri dakika tano, fungua uone kama inaamka. Chomeka printa. Kinachofanya kazi kwenye flashi kitafanya kazi kikisakinishwa, na kinachogoma hapa ndicho utakachohangaika nacho baadaye, bora ukijue leo. Wepesi usiuhukumu bado, flashi kwa kawaida ni polepole kuliko diski.

Hatua ya 7: kusakinisha

Kwenye eneokazi kuna ikoni ya kusakinisha. Ukifika kwenye ukurasa wa diski utapewa njia kuu mbili: kuiweka Mint kando ya Windows, au kufuta diski yote. Kama bado una shaka, iweke kando. Weka alama ya kukubali kodeki za muziki na video. Chagua eneo la saa, Dar es Salaam au Nairobi ni sawa tu. Chomeka chaja: umeme ukikatika katikati ya kugawa diski na betri yako ni ya dakika kumi, utakuja kunisimulia.

Ikishawaka, fungua Kidhibiti cha Masasisho, kubali yote, kisha weka Timeshift ipige picha ya mfumo. Siku ukiharibu kitu, unarudi nyuma.

Na sasa jambo ambalo ningeliweka juu kabisa kama lisingekuwa nje ya somo. Kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, ile unayoisikia ikikwaruza, fedha ya kwanza utakayopata nunua SSD. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea lazima kitembee kufuata kila faili. SSD haina kitu kinachotembea. Kwa mashine nyingi za 2012 hadi 2016 ni ile ya SATA ya inchi 2.5, inakaa palepale ilipotoka ya zamani, bisibisi moja inatosha. Nimewahi kuchukua mashine ambayo mwenyewe alikuwa anaiwasha kisha anaenda kupika chai. Baada ya SSD chai ilikosa sababu. RAM huongeza nafasi ya kufungua vitu vingi pamoja. Ule uzito wa kuwaka na kufungua programu, mara nyingi ni diski.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi ni mwalimu, kazi zangu zote ni Word na Excel. Mitihani yangu itafunguka?

Itafunguka, mwalimu. Mint inakuja na LibreOffice, inasoma na kuandika docx na xlsx. Kitakachokusumbua ni mpangilio: jedwali linaweza kusogea, au fonti ikabadilishwa na ya kufanana nayo. Kwa mtihani unaokwenda kuchapishwa, utoe kama PDF kutoka kwako, usimtumie mwenye stesheneri docx. Kama Excel yako ina makro nyingi, bakiza Windows kando.

Nimefika kwenye flashi vizuri ila Wi-Fi haionekani kabisa. Nimetoka kapa.

Hujatoka kapa. Baadhi ya kadi za Wi-Fi, hasa za Broadcom, zinahitaji draiva (programu ndogo ya kuendesha kifaa) isiyowashwa tangu mwanzo. Chukua simu yako ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya mtandao wa simu uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Mint huiona kama waya wa mtandao, bila draiva. Ukishaisakinisha Mint kwenye diski, fungua Kidhibiti cha Draiva, kitakuonyesha inayopendekezwa, isakinishe, washa upya. Ukiiweka ukiwa bado kwenye flashi, ukiwasha upya inapotea.

Duka letu linatumia programu ya mahesabu ya Windows tu. Mke wangu hataki kusikia habari ya Linux. Tufanyeje?

Shemeji ana hoja. Baki Windows 10, lakini jiandikishe kwenye masasisho ya nyongeza ya Microsoft kwa watumiaji wa nyumbani, yanayofika hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipa dola 30, au kutoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti, ambapo hulipi kitu. Mlango wake uko kwenye ukurasa wa masasisho ndani ya Mipangilio. Muda huo mtumie kutafuta mashine ya kizazi cha nane kwa ajili ya duka, na hii ya zamani wapeni watoto na Mint yao.

RAM ya GB 2, prosesa sijui hata ni ya lini. Itabeba?

Mint 22 inaanzia GB 2 na prosesa iwe ya biti 64. Weka Xfce. Itawaka, utaandika, utasikiliza muziki. Kivinjari chenye vichupo kumi, hapana. Usidanganywe na mtu.

Nahamishaje picha kutoka kwenye simu? Nilizoea waya.

Waya bado unafanya kazi. Ila ndani ya Mint kuna kitu kinaitwa Warpinator. Weka programu yake kwenye simu, simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja, hata hotspoti ya simu nyingine, na faili zinapita hapo hapo ndani, bando haliguswi. Kama hazionani, hakikisha pande zote mbili zina neno la kikundi linalofanana.

Antivirasi gani niweke?

Hakuna haja kwa matumizi ya nyumbani. Sakinisha programu kutoka kwenye Kidhibiti cha Programu cha Mint. Ile virusi ya njia za mkato inayozunguka kwenye flashi za stesheneri ni ya Windows, huku haiwaki, ingawa flashi ukiipeleka kwa mwenye Windows utakuwa umemfikishia mzigo.

Kaka nimeweka zote mbili kama ulivyosema. Kila nikitoka Mint nikiingia Windows, saa imerudi nyuma masaa matatu. Nimebadilisha betri ya ubao mama bado.

Pole kwa betri, haikuwa na kosa. Mint huandika kwenye saa ya ndani ya mashine muda wa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Windows ikiikuta inadhani ndio muda wa hapa nyumbani. Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa masaa matatu, ndiyo maana inapungua matatu kamili. (Yangekuwa sita ningesema imejifunza kuhesabu saa Kiswahili.) Ingia Mint, fungua terminali (dirisha la amri la Mint), andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Washa upya, ingia Windows, rekebisha saa mara moja. Ikirudia tena niambie ni mashine gani.