Kichupo kinapotoweka kwenye VS Code

Kwenye VS Code, programu ya kuandikia msimbo wa kompyuta, unabofya faili mara moja, unaisoma, unabofya nyingine, na ile ya kwanza haionekani tena kwenye vichupo (tabs) vya juu. Haijafutwa. Tazama jina la kichupo: likiwa kwa herufi za mlazo, hicho ni kichupo cha muda tu, na faili utakayobofya baadaye itachukua nafasi yake. Libofye jina mara mbili, au badilisha hata herufi moja ndani ya faili, nacho kitabaki. Kama hutaki kabisa tabia hii, na mimi nilishaizima siku nyingi, tafuta workbench.editor.enablePreview kwenye mipangilio, uondoe tiki.

Madirisha ni habari nyingine. Ukifungua faili kwa amri ya kuandika kwenye terminal, code -r huileta kwenye dirisha ulilotumia mwisho, code -n hufungua jipya. Bila amri, kinachoamua ni mpangilio wa window.openFilesInNewWindow; uweke off ili faili zisifungukie dirisha jipya. Folda zina mpangilio wake wa pembeni, window.openFoldersInNewWindow, na hapa ndipo wengi hukwama: wanarekebisha ule wa faili, kisha wanashangaa folda bado zinafungukia kwingine. Rekebisha yote miwili.