Unataka kuingia kwenye mifumo ya taarifa za afya? Anzia kwenye kitabu cha MTUHA

Wakuu habari za saa hizi. Vijana wengi hapa Dar wananiuliza swali moja, wengine wamemaliza IT, wengine ni matabibu na manesi: nataka kufanya kazi kwenye mifumo ya afya, nisome programu gani? Naandika hapa kama ambavyo ningemwambia mdogo wangu, na naanza na kitu ambacho wengi wanakiruka.

Hatua ya 1: shika kitabu kabla ya kompyuta

MTUHA ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na moyo wake ni yale madaftari makubwa unayoyaona mezani kwa nesi. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 wajawazito wa kliniki, namba 12 wodi ya wazazi. Omba fildi hata wiki mbili kwenye zahanati yoyote ya mtaani kwenu, andika barua, mfuate mganga mfawidhi, usisubiri Muhimbili.

Mimi nilitokea IT. Nilipelekwa zahanati moja, nikaambiwa nijumlishe wagonjwa wa malaria wa mwezi mzima. Nikawa nakimbiza tu kidole kwenye mistari, nikafika kwa mgonjwa ambaye safu ya umri imeandikwa 8, basi, hakuna miezi hakuna miaka. Ripoti inatenganisha walio chini ya miaka 5 na waliozidi, mimi nikamweka kwenye miaka 8 nikaendelea. Sista aliyekuwa anachoma sindano chumba cha pili alikuja kuangalia kazi yangu akanisimamisha hapohapo: "Mwanangu, hebu soma mpaka mwisho wa mstari, kapewa dawa gani?" Nikasoma, Mseto (dawa ya malaria) vidonge 6. "Sasa vidonge 6 ni dozi ya mtoto ambaye hajafika kilo 15, asubuhi kimoja jioni kimoja siku tatu. Mtoto wa miaka 8 ana kilo hizo? Huyo kabebwa mgongoni, ana miezi nane." Nikarudi mwanzo wa daftari, nikakuta wengine watatu niliowaweka pabaya. Kompyuta isingeniambia hilo, na mimi na digrii yangu nisingelijua, nilikuwa natuma wilayani watoto wanne kwenye kundi lisilo lao.

Kama wewe ni nesi au tabibu unasoma hapa, jua kwamba hicho alichokuwa nacho sista ndicho kinachotafutwa, usijione uko nyuma kwa sababu hujui kuandika programu.

Hatua ya 2: ifuate namba moja mpaka juu

Chukua namba moja, mfano malaria chini ya miaka 5, uifuate: kitabu, karatasi ya kutali (ya kuhesabia kwa vijiti), fomu ya mwezi, halafu DHIS2 (mfumo wa kompyuta unaokusanya ripoti za vituo), halafu ile grafu ambayo mganga mkuu wa wilaya anaionyesha kikaoni. Kila inaporuka kutoka karatasi moja kwenda nyingine inaweza kuharibika, na wewe utalipwa kujua imeharibikia wapi.

DHIS2 imetokea Chuo Kikuu cha Oslo kule Norwei, ni ya bure, na hapa kwetu ilisambaa nchi nzima mwaka 2013. Kuna demo yao mtandaoni yenye data za mfano za Sierra Leone, huhitaji ruhusa ya mtu, na kozi yao ya msingi mtandaoni pia ni bure, bando lako tu. Ingiza data, tengeneza jedwali, tengeneza dashibodi. Halafu fanya zoezi hili ambalo watu hawalifanyi: jaza sifuri kwenye kisanduku kimoja, kingine kiache wazi, uone kinachotokea. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka aliyeitengeneza hiyo data elementi (kisanduku cha namba) awe ameruhusu sifuri ihifadhiwe, kwa hiyo zahanati iliyosema "hatujapata kifo cha mama hata kimoja" inaweza kuonekana sawa na ile ambayo haikujaza kabisa. Ukilielewa hili vizuri umeshawapita wengi.

Hatua ya 3: zana

Excel kwanza, na namaanisha Excel ya ukweli, pivoti (majedwali ya kujumlisha), kutafuta waliojirudia, kusafisha tarehe. Halafu SQL, lugha ya kuvuta taarifa kutoka kwenye hifadhidata. Lugha kama Python au R baadaye, usianze nazo. Jua pia tofauti ya mifumo: DHIS2 kwa sehemu kubwa inabeba jumla, wakati mifumo ya ndani ya kituo kama GoTHOMIS ya serikali au OpenMRS iliyoanza 2004 inabeba mgonjwa mmoja mmoja, na huko ndiko utakutana na Asha Juma mwenye mafaili matatu kwa sababu mapokezi waliandika Asha, Aisha na Aysha.

Hatua ya 4: misimbo

ICD-10, orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa, bado utakutana nayo sana, ICD-11 imeanza kutumika rasmi Januari 2022. Huhitaji kuikariri, jua tu kwamba B50 ni malaria ya kimelea cha falsiparamu na B54 ni malaria isiyotajwa aina, na kwamba msimbo ukikosewa kwenye fomu ya bima dai linaweza kukatwa, hospitali ikakosa hela ya dawa. HL7 FHIR, kanuni za mifumo ya afya kubadilishana taarifa, isome ukishaelewa haya.

Hatua ya 5: siri ya mgonjwa, na hapa naomba tusikilizane

Niliwahi kuona kwenye grupu la WhatsApp la kazini mtu kapiga picha ukurasa mzima wa rejista, majina, namba za simu, majibu ya kipimo cha VVU, katuma aulize swali la kujumlisha tu. Iliniuma sana, kuna mama wa watu pale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ziko kwenye zile nyeti. Usipige picha rejista, usigawe nywila yako, na kazi zako za kuonyesha waajiri zifanye kwa data za demo.

Hatua ya 6: kutafuta kazi

Cheti kinasaidia, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wana digrii ya mifumo ya taarifa za afya, lakini wengi tumeingia kwa mlango wa karani wa data. Angalia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, mara kwa mara, angalia na miradi, ila usiweke maisha yako yote kwenye mradi mmoja, mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada makarani wengi wa miradi ya UKIMWI walirudi nyumbani ghafla. Mwenye kujua kazi za halmashauri, bima na hospitali binafsi ana pa kugeukia.

Kwenye intavyu mimi huwa natoa ukurasa wa rejista wa kutunga, umri umeandikwa 8 tu. Wengi wanajaza miaka, wachache wanasema wataacha wazi. Mwaka jana dada mmoja aliyekuwa nesi aliniuliza, "kaka, safu ya dawa iko wapi?" Alianza kazi Jumatatu iliyofuata.