Kufundisha uteuzi asilia kwa maharage: mwongozo kwa mwalimu wa Biolojia

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa Kidato cha Nne anayekaribia mada ya mageuko ya viumbe. Nimeutumia hapa Moshi kwa miaka kadhaa, na vifaa vyake vyote hupatikana soko la Mbuyuni: nusu kilo ya maharage mekundu, nusu ya meupe, nusu ya njano, na shuka moja jeupe.

Hatua ya kwanza. Kabla ya kutoa fasili yoyote, kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, kwa nini twiga ana shingo ndefu. Wengi huandika kwamba twiga alijirefusha shingo ili afikie majani ya juu. Usiwasahihishe bado, kusanya karatasi na uzitunze. Kosa limejificha katika vitu viwili vidogo: kiambishi "ji", kinachompa mnyama utashi, na neno "ili", linaloyapa mabadiliko lengo. Ingawa somo hufundishwa kwa Kiingereza, wanafunzi wetu huliwaza kwa Kiswahili, kwa hiyo mimi huvipiga marufuku vyote viwili hadi mada iishe.

Hatua ya pili. Fagia eneo la mita mbili kwa mbili lenye udongo mwekundu, kisha utawanye punje 40 za kila rangi, jumla 120. Wanafunzi wanne wawe ndege. Kila ndege aokote punje 20, moja moja na kwa haraka, akigeuka nyuma kila baada ya kuokota. Zitabaki 40. Zihesabuni kwa rangi, na kila iliyobaki "izae" mbili za rangi yake, ili idadi irudi 120. Rudieni mara tatu, mkichora grafu ubaoni.

Hapa usiharakishe, kwa sababu ndipo somo lilipo. Uliza: kuna punje hata moja iliyogeuza rangi? Hakuna. Kilichobadilika ni uwiano wa rangi kutoka kizazi hadi kizazi: zilizoonekana kirahisi zililiwa, na zilizofanana na udongo zikaacha uzao. Huo ndio uteuzi asilia. Mara chache njano hushinda kwa bahati tu. Usilifiche jambo hilo, kwani bahati nayo ina nafasi yake katika mageuko, hasa idadi ya viumbe inapokuwa ndogo.

Hatua ya tatu. Watume wawaulize bibi na babu zao kuhusu klorokwini, dawa ya malaria ambayo wazee wengi huikumbuka kwa uchungu wake na kuwashwa mwili. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilivyoihimili vilikuwa vimeenea. Vimelea havikujifunza kuishinda dawa. Vichache vilivyokuwa na uwezo wa kuihimili, uwezo unaorithiwa, ndivyo vilivyosalimika na kuzaana.

Hatua ya nne ni kutoweka. Chukua punje 120 zilizobaki, ambazo sasa nyingi ni nyekundu (kama meupe bado yapo, yaondoe na uweke mekundu badala yake), uzimwage juu ya shuka jeupe, na kila ndege aokote 25. Zitabaki 20, zitazaa na kuwa 60, na raundi inayofuata zitakwisha zote. Maharage meupe yangeweza kuuokoa ukoo, lakini yalishaondoka. Kisha wasimulie habari za chura wa Kihansi, aliyeishi eneo dogo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya maji katika milima ya Udzungwa. Mto ulipoelekezwa kwenye uzalishaji wa umeme, manyunyu yalipungua mno. Ugonjwa wa kuvu nao ukaongezeka. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 vyura waliozalishwa kwenye bustani za wanyama za Marekani wakaanza kurudishwa. Dodo, ndege asiyeruka wa kisiwa cha Mauritius aliyetoweka kabisa, hakuwa na akiba ya namna hiyo.

Atakayeuliza kama tulikuwa sokwe, mjibu kwa lugha ya ukoo: sokwe ni binamu yetu, si babu yetu.

Hatua ya tano. Rudisha zile karatasi za twiga, waandike upya. Sentensi ninayoipa alama zote hufanana na hii: "Miongoni mwa twiga wa kale, waliozaliwa na shingo ndefu zaidi waliacha watoto wengi zaidi, na watoto wakazirithi." Asipotaja majani simpunguzii, kwani wataalamu wenyewe bado wanabishana kama ni chakula au mapigano ya madume yaliyoipa shingo hiyo faida.