Kigali, Kampala, Nairobi na kurudi: kupanga msafara wa pikipiki unaovuka mipaka minne

Wengi wanaopanga safari ndefu ya pikipiki huanza kwa kuhesabu kilomita. Wanafungua ramani, wanagawa umbali kwa siku walizonazo, wakipata mia sita kwa siku wanaridhika. Mimi huanza na mipaka. Barabara unaweza kuikisia, foleni ya mpakani haikisiki. Mwongozo huu ni wa mzunguko ninaoupenda kuliko yote: Dar, Dodoma, Kahama, Rusumo, Kigali, Katuna, Kampala, Busia, Nairobi, Namanga, Arusha, Dar. Anayetokea Nairobi au Kampala aanzie kwake, mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: Weka mipaka kwenye kalenda kwanza

Kila mpaka uvukwe asubuhi. Maana yake usiku wa kuamkia mpaka ulale karibu nao, si kilomita mia tatu nyuma. Kwa Rusumo lala Benaco, kwa Katuna lala Kigali, kwa Busia lala Jinja au Iganga, kwa Namanga lala Nairobi. Siku ya mpaka usijipangie zaidi ya kilomita 250 au 300. Siku zisizo na mpaka, 450 ni kazi ya kutosha kwa msafara wa watu sita. Mtu akikuambia yeye hupiga 800, mpongeze, kisha usimpe uongozi.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nakushauri ukae nyumbani.

Angalia pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Rwanda siku hiyo ni umuganda, kazi za pamoja za kijamii, na asubuhi shughuli na magari husimama hadi saa 5 hivi. Ukijikuta unataka kutoka Kigali siku hiyo, utatoka mchana, na ratiba yote ya Uganda inasogea.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa usifanye haraka. Anza miezi miwili kabla.

Pasipoti. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvukiana kwa vitambulisho vya taifa. Mtanzania asitegemee kitambulisho cha NIDA, achukue pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria.

Leseni iwe ya daraja sahihi. Kwa Tanzania A1 ni ya pikipiki ndogo. Ukiwa juu ya mashine ya sisi (cc) 650 na leseni ya A1, trafiki anayejua kazi yake hakuachii.

Kadi ya pikipiki, halisi, na kopi zake nne. Kama jina lililo kwenye kadi si lako, beba barua ya mwenye chombo iliyogongwa muhuri na wakili, inayotaja namba ya usajili, namba ya chesisi na nchi unazokwenda. Kama pikipiki ina mkopo, aliyekukopesha ndiye atoe barua.

Bima. Bima yako ya ndani inaishia mpakani, kwa hiyo mwambie wakala wako wa bima akuongezee Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imo kwenye mpango wa kadi hiyo, na kadi inakubalika Rwanda, Uganda na Kenya. Hakikisha nchi zote unazopita zimeandikwa na tarehe zinatosha kukurudisha nyumbani, pamoja na wiki moja ya ziada. Kumbuka inalipa hasa madhara utakayomfanyia mwingine. Pikipiki yako haimo. Bima ya matibabu ni kitu kingine, nayo inunue.

Cheti cha homa ya manjano nacho ni cha njano, na kwenye dirisha la afya watu humkabidhi ofisa kadi ya bima huku foleni ikinuna nyuma. Chanjo ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, maana ndipo cheti huanza kutambulika. Ukishachanja, ni cha maisha.

Weka vyote kwenye bahasha ngumu ya zipu, ndani ya jaketi, kifuani. Si kwenye boksi la nyuma.

Hatua ya 3: Pikipiki

Si lazima iwe BMW. Boxer ya sisi 150 inafika Kigali na kurudi mradi mwenye nayo haikimbizi. Kinachosumbua ni kuchanganya Boxer na mashine za lita moja kwenye kundi moja bila kukubaliana mwendo.

Wiki mbili kabla, siyo juzi yake, badilisha oili na pedi za breki, na kama seti ya cheni imechoka badilisha yote pamoja. Kisha iendeshe mjini wiki nzima. Spea mpya iliyofungwa vibaya hujionyesha ndani ya siku chache, na ni heri ijionyeshee Kariakoo kuliko kwenye mlima Sekenke.

Cheni ndiyo itakayokushughulisha kila jioni. Ukifika gesti, kabla hujavua viatu, ukiwa na cheni bado ya moto, ifute vumbi kwa tambara lenye mafuta ya taa, kisha ipake oili ya gia upande wa ndani huku unazungusha tairi kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Nasisitiza, imezimwa, wapo mafundi wenye vidole pungufu kwa ajili hiyo. Bonyeza cheni katikati: kwa pikipiki nyingi iwe inacheza milimita 20 hadi 30, ila kitabu chako ndicho chenye neno la mwisho. Angalia ukiwa umeipakia mizigo, kwa sababu uzito huikaza.

Vipuri vya kubeba: tyubu ya mbele na ya nyuma, au vifaa vya kuziba pancha kama tairi halina tyubu, pampu, plagi, kebo ya klachi, kiungo cha cheni, fyuzi, balbu, waya na tepu. Mizigo mizito ikae chini na karibu na kiti.

Hatua ya 4: Kanuni za msafara

Kaeni chini mara moja kabla ya safari, mkubaliane haya.

Anayeongoza anajua njia, na nyuma yake tu anakaa mwenye pikipiki ndogo kuliko zote. Mwendo wa msafara ni wa huyo wa pili. Anayefunga msafara awe fundi au mtu mtulivu, ndiye mwenye vifaa na sanduku la huduma ya kwanza, na hampiti mtu yeyote.

Endesheni kwa kupishana, mmoja kushoto mwa njia yenu, anayefuata kulia, sekunde mbili kutoka kwa aliye mbele yako moja kwa moja kwenye mstari wako. Kwenye kona kali, vumbi au mvua, ingieni mstari mmoja.

Kuovateki lori ni uamuzi wa kila mtu peke yake. Aliye mbele kupita salama haimaanishi nawe una nafasi, na msafara haupiti kama treni.

Kwenye njia panda tumieni utaratibu wa nguzo: aliye wa pili anasimama pale pale, anaelekeza wote, anabaki mpaka afungaye msafara atokee. Hakuna anayepotea na hakuna anayehitaji kukimbiza ili kuwafikia wenzake. Kuwakimbiza wenzako ndiko kunakovunja watu.

Usiku hakuna safari. Saa 11 jioni muwe mmefika.

Hatua ya 5: Dar hadi Rusumo

Tokeni Dar saa 11 alfajiri, kabla Kibaha haijaamka. Hadi Dodoma ni kama kilomita 450, na adui mkubwa ni semi pamoja na magari ya IT, yaani yale yanayopelekwa nchi jirani, yanayokimbizwa mpakani. Kwenye vijiji ni 50, na tochi, vipima mwendo vya trafiki, zimejificha hasa pale barabara inaposhuka. Faini kwa pikipiki ni shilingi 10,000 kwa kosa, hulipwa kwa kontroli namba, namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu fedha mkononi.

Siku ya pili hadi Nzega. Singida upepo wa ubavu unasukuma kweli, hasa mnapopishana na lori: linakukinga kwa nusu sekunde kisha upepo unarudi wote kwa mpigo. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, acha pikipiki icheze kidogo. Mlima Sekenke ushuke kwa gia, si kwa breki.

Siku ya tatu Kahama, Nyakanazi, Benaco. Barabara hii inabeba mizigo ya Rwanda na Burundi na lami yake inaliwa sana na malori. Mapori ya upande wa Biharamulo yapiteni mchana.

Hatua ya 6: Kwenye mpaka wenyewe

Rusumo ni kituo cha pamoja: ukitoka Tanzania unavuka daraja la mto Kagera, na kutoka na kuingia vyote unavifanyia upande wa Rwanda. Mfuatano ni afya, uhamiaji, halafu forodha. Forodha ndipo unapopata kibali cha kuingiza chombo kwa muda. Kisome hapo hapo dirishani: namba ya usajili, chesisi, tarehe ya mwisho. Herufi moja ikikosewa, utaisahihisha nchi nzima mbele, kwenye mpaka wa kutokea.

Na kibali hicho lazima kifungwe unapotoka. Bila hivyo, kwenye mfumo pikipiki yako bado imo nchini mwao, na siku ukirudi utadaiwa kodi. Upande wa nyumbani nako hakikisha forodha ya Tanzania imeandikisha kwamba chombo kimetoka, uhifadhi karatasi yake hadi Namanga.

Vishoka watakujia kabla hujashusha stendi. Jibu moja linatosha: "Asante, nina utaratibu wangu." Watu wawili wabaki na pikipiki, wengine waende dirishani, kisha mbadilishane. Fedha badilisha kidogo tu, ya mafuta na chakula.

Jambo jingine la Rusumo: mifuko ya plastiki. Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008, na waendesha pikipiki tunapenda kufungia nguo kwenye rambo kuzuia mvua. Itatolewa mbele ya watu, nguo za ndani zikibaki juani. Tumia mfuko wa turubai usiopitisha maji.

Hatua ya 7: Rwanda na mkono wa kulia

Baada ya daraja mnaendesha kulia. Darajani hakuna anayesahau. Hatari ni kesho yake alfajiri, unapotoka sheli kwenye barabara tupu na mazoea yanakupeleka kushoto. Bandika mshale wa tepu nyekundu kwenye tangi ukielekeza kulia, na ubandue Katuna, ambako mnarudi kushoto.

Kamera za mwendo zimejaa, kwa hiyo fuata vibao kama vilivyo. Saa ya Rwanda iko nyuma kwa saa moja: saa 3 ya Dar ni saa 2 ya Kigali, na giza pia hukuwahi.

Hatua ya 8: Uganda

Kabale asubuhi ni ukungu na baridi ya kweli. Vaa suti ya mvua juu ya jaketi hata kama hakuna mvua. Mbarara, Masaka, picha ya mstari wa ikweta pale Kayabwe, kisha Kampala. Kama huna shughuli mjini, shika Northern Bypass pale Busega, ikutoe Bweyogerere kwenye barabara ya Jinja. Kukatiza katikati ya Kampala na mabegi ubavuni, kati ya boda zile, ni kujitafutia vioo vipya.

Kati ya Malaba na Busia chagua Busia. Malaba foleni ya malori ni ndefu mno.

Hatua ya 9: Kenya na kurudi

Kericho mvua ya mchana na mawe yake ni jambo la kawaida, basi ipiteni kabla ya saa 7. Timboroa, kama mtapitia Eldoret, ni zaidi ya mita 2,700: pikipiki ya kabureta itapoteza nguvu, na hakuna haja ya kumwita fundi, itarudi mkishuka.

Nairobi, barabara ya juu ya kulipia hairuhusu pikipiki. Mkitokea Nakuru ingieni Southern Bypass pale Kikuyu, itawatoa Mombasa Road, kisha Athi River na njia ya Namanga.

Namanga fungeni kibali cha Kenya, toeni ile karatasi ya Rusumo upande wa Tanzania, na mkaze boliti zote Arusha kabla ya kuanza kilomita 600 na ushei za mwisho. Zigaweni kwa kulala Korogwe.