Ruta iko Tanga nyuma ya modemu, mimi niko Dodoma

Ukitaka kufungua kifaa cha nyumbani ukiwa mbali, kabla hujagusa mpangilio wowote mwombe aliye nyumbani akusomee namba tatu. Mimi sikufanya hivyo, nikapoteza Jumapili mbili.

Kwa mama, Chumbageni, intaneti inaingia kwa waya wa faiba hadi kwenye modemu ya kampuni iliyopigiliwa ukutani sebuleni. Kutoka hapo kebo inakwenda chumbani kwa mdogo wangu, kwenye ruta, kiboksi cha kugawa intaneti kwa vifaa, niliyoinunua mwenyewe. Kwenye ruta hiyo kumeungwa kamera ya getini na kompyuta yenye mahesabu ya duka la mama. Mimi ni mhasibu. Nilichotaka ni kukaa jioni Dodoma nikafungua yale mahesabu bila kumsumbua mtu anipigie picha kurasa za daftari.

Nikafungua poti, yaani mlango wa namba wa kuingilia kutoka nje, kwenye ruta. Kimya. Nikabadilisha poti, nikazima ukuta wa ulinzi (firewall), nikamwambia mdogo wangu azime na kuwasha. "Dada, hii leo ni mara ya ngapi?" Mara ya sita, na ruta yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Namba hizo tatu ni hizi. Ya kwanza iko kwenye ukurasa wa hali ya ruta, sehemu iliyoandikwa WAN au Internet, yaani upande wa nje. Ya pili iko mahali hapohapo lakini kwenye ukurasa wa modemu. Ya tatu ni ile inayoonekana na dunia: simu ikiwa kwenye WiFi ya nyumbani, data imezimwa na VPN (njia ya siri inayobadilisha anwani yako ya nje) imezimwa, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP, ile namba inayokutambulisha mtandaoni. Ziandike karatasini, moja chini ya nyingine.

Ya kwanza ikilingana na ya tatu, mbele ya ruta yako hakuna kizuizi cha anwani, kwa hiyo kosa litafute ndani ya ruta au kwenye kifaa unachokitafuta. Ya kwanza ikianza na 192.168, au 10, au 172.16 mpaka 172.31, basi mbele yake kuna kifaa kingine kinachofanya kazi ileile ya ruta. Mara nyingi ni modemu. Watu wengi tunaiita modemu, lakini kile kiboksi cha kampuni huwa ni modemu na ruta kwa pamoja. Kwetu namba ya kwanza ilikuwa 192.168.1.4.

Fikiria mzigo uliopakiwa kwenye basi la Tanga bila jina la mpokeaji. Stendi wataupokea, watautazama, na hawatajua wampe nani. Modemu nayo iko hivyo. Data ikija kutoka nje bila mtu wa ndani kuiita, modemu haijui ni ya nani, inaitupa. Kufungua poti ni kuiachia maagizo: kitakachokuja na namba hii, kipeleke kwa fulani. Mimi nilikuwa nimeandika maagizo kwenye ruta ya chumbani, na stendi hakuna aliyeambiwa kitu.

Tiba ziko tatu. Iliyo safi zaidi ni kuigeuza modemu iwe daraja tu, kwenye menyu utaona neno Bridge, ili anwani ya nje ishuke moja kwa moja kwenye ruta yako. Lakini kwanza uliza kampuni kama laini yenu inahitaji jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE (njia ya laini kujitambulisha kwa kampuni), na namba ya VLAN (namba inayotenga mawasiliano ya kampuni). Mimi sikuuliza. Nikiwa Dodoma nilimwagiza mdogo wangu abonyeze Bridge, akaenda zake shule, na hapohapo nyumba ikakatika. Mama akapiga: "Mwanangu, kile kitaa kimekuwa chekundu na mimi sijagusa kitu." Siku mbili nyumba haikuwa na intaneti mpaka fundi alipokuja kuirudisha. Tangu hapo sibadilishi kitu upande wa WAN kama hakuna mtu mzima amekaa karibu na kifaa, ana simu yenye bando mkononi.

Ya pili ni kufungua poti sehemu mbili: modemu ielekeze kwenye ruta, ruta ielekeze kwenye kifaa. Hapa kuna jambo linalowaangusha wengi. Ile 192.168.1.4 modemu iliigawa tu, kesho umeme ukikatika inaweza kuipa ruta 192.168.1.7, na maagizo yako yakawa yanampelekea mtu asiyekuwepo. Ingia kwenye menyu ya DHCP ya modemu, sehemu inayogawa anwani za ndani, uifunge anwani hiyo kwa ruta yako kabla ya kufungua poti yoyote. Kipengele kinachoitwa DMZ ni njia ya mkato ya jambo hilohilo, kinasukuma kila kitu kwenye ruta. Sikikatai, mradi ukuta wa ulinzi wa ruta uwe umewashwa.

Ya tatu ni kuishusha cheo ruta yako iwe ya kusambaza WiFi tu: zima DHCP yake, ipe anwani isiyogongana na ya modemu, na kebo itoke kwenye tundu la WAN iingie la LAN, yaani la upande wa ndani. Hapo maagizo yanaandikwa mahali pamoja tu, kwenye modemu.

Ukipima, pima kutoka nje kweli. Modemu nyingi haziwezi kumrudisha mtu wa ndani anayegonga kwa anwani ya nje, kwa hiyo ukijaribu ukiwa kwenye WiFi ya nyumbani utaambiwa haifunguki wakati iko wazi. Zima WiFi, tumia data ya simu. Na usome jibu vizuri. Ukikataliwa papo hapo, mara nyingi ombi limefika kwenye kifaa fulani na huduma unayoitafuta haipo pale. Likining'inia mpaka muda uishe, aghlabu limetupwa njiani. Ping, lile ombi dogo la kuuliza kifaa kama kipo, isikudanganye; vifaa vingi vimeamriwa visiijibu kabisa.

Nilifanya njia ya pili, kwa utaratibu, kila kitu mahali pake. Kimya tena. Ndipo nikamwomba mdogo wangu anisomee namba ya WAN ya modemu, ambayo sikuwahi kuiuliza. "Mia moja nukta themanini na tatu nukta..." Nikamwambia basi, inatosha.

Anwani kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Anwani za IPv4, aina hii ya anwani za namba nne, duniani ni kama bilioni 4.3 tu, na AFRINIC, taasisi iliyoko Mauritius inayozigawa kwa Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya akiba yake Januari 2020. Kwa hiyo kuna kifaa cha tatu, kikubwa, kinachofanya kazi ileile ya ruta, kiko kwa kampuni, na huna nenosiri lake. Ukiona namba ya modemu inaanza hivyo, au inaanza na 10 huku ya nje ni nyingine, acha kufungua poti. Hakuna utakachokifungua.

Unaweza kuiomba kampuni anwani yako binafsi ya nje. Nyingine huiuza kwa malipo ya kila mwezi. Njia niliyoichukua mimi ni kugeuza mwelekeo: nyumba ndiyo ianze kupiga simu kutoka ndani, kwa sababu kutoka hakuzuiwi. Ukikodi seva ndogo yenye anwani ya nje, weka juu yake WireGuard, programu ya kutengeneza VPN, poti 51820 ya UDP (aina ya usafirishaji wa data), na upande wa nyumbani uandike PersistentKeepalive 25 ili kila sekunde 25 njia ipigwe hodi isifungwe. Usihangaike na tovuti za kupima poti hapo. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, itaonekana imefungwa hata ikiwa nzima. Angalia mstari wa latest handshake, unaoonyesha pande mbili zilitambuana mara ya mwisho lini; ukiwa chini ya dakika tatu mko pamoja.

Asiyetaka seva atumie Tailscale, ambayo ndani yake ni WireGuard. Mdogo wangu aliiweka kwenye kompyuta ya mahesabu, mimi kwenye laptopu yangu, tukaingia kwa akaunti moja, na kabla chai haijapoa nilikuwa naona faili la Machi. Ili kompyuta hiyo inipitishe mpaka kwenye ruta na kamera, aliandika hivi:

tailscale set --advertise-routes=192.168.57.0/24

Kisha nikaidhinisha njia hiyo kwenye ukurasa wa akaunti. Bila idhini haifanyi kazi. Hiyo 57 si bahati mbaya. Ruta ya nyumbani ilikuwa 192.168.0.1, na ya chumba nilichopanga Dodoma nayo ni 192.168.0.1, kwa hiyo kila nilipotafuta ya mama nilijikuta kwenye ya mwenye nyumba. Kwenye anwani ya ruta ya nyumbani, fungu la tatu (pale palipo na 57) lipe namba isiyo ya kawaida, na ukumbuke kamera yenye anwani ya kudumu nayo uibadilishe.

Kuna watakaokwambia uwashe tu kile kipengele cha kusimamia ruta kutoka nje. Usiwashe. Novemba 2016, Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipata shida ya huduma baada ya shambulio lililolenga poti 7547 ya kusimamia ruta kwa mbali. Ukurasa wa ruta uufikie kupitia njia yako ya siri, basi.

Yaliyobaki ni ya umeme. Kompyuta yetu ilikuwa inalala baada ya dakika 30, nikafikiri mtandao umekufa; zima usingizi kwenye mipangilio. Halafu ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, tafuta kipengele cha kuiwasha umeme ukirudi, huandikwa AC Power Loss au kitu kinachofanana nacho. LUKU iliisha wiki iliyopita saa nne usiku, mdogo wangu akaingiza tokeni, na baada ya dakika tatu niliiona kompyuta imerudi hewani. Simu ya mama ikafuata. Alitaka kujua nani amewasha kompyuta chumbani na mlango umefungwa.