Kuandaa sikukuu ya somo wa kigango

Somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa kigango chetu hapa Bagamoyo (kanisa dogo chini ya parokia) ni Mtakatifu Petro, mvuvi kama baba zetu. Sikukuu ni Juni 29, novena, yaani sala za siku tisa, inaanza Juni 20. Kama kamati yenu ndiyo mara ya kwanza kuandaa, nawaambia ninachowaambia akina mama wenzangu: anzeni na majirani.

Mwombeni jirani Mwislamu achinje, tena mtangaze mapema kwamba ndiye aliyechinja. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na sherehe ambayo jirani anakuja halafu anaondoka bila kuonja nyama, mimi siiiti ya kijiji. Sufuria iliyowahi kupikiwa kitimoto, yaani nguruwe, ibaki nyumbani.

Padre ana vigango vingi, mwombeni tarehe mapema. Misa ikisogezwa Jumapili, sherehe isogee nayo.

Sasa pilau. Mimi hukadiria kilo ya mchele kwa watu saba, na nusu kilo ya nyama kwa kila kilo ya mchele. Watu 140 ni kilo 20: pikeni sufuria mbili za kilo kumikumi, maana kwenye sufuria moja kubwa mno wa chini huungua na wa juu hubaki na kiini. Juni kusi inavuma, moto unalala upande mmoja, kwa hiyo mafiga yakae nyuma ya ukuta. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe kahawia hasa, rangi ya pilau inatoka hapo. Msifupishe hatua hii hata watu wakiwa na njaa. Ndipo viingie saumu, tangawizi, binzari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu, kisha nyama iliyochemshwa na supu yake. Mchele uingie padre anapoanza mahubiri. Matoleo yakiisha, uko chini ya makaa ya mfuniko. Wapishi wapokezane, kila mmoja awahi komunyo.

Ngoma iwe mdundiko, ngoma ya Wazaramo ya kutembea, inayokusanya watu njiani. Wapigaji watengewe makuti makavu wakanze ngozi kabla ya baraka ya mwisho, kwa kuwa ngozi iliyopigwa na umande hulegea. Watoke kanisani, wapite mitaani hadi pwani, warudi na watu. Wakikaribia msikiti wanyamaze, na adhuhuri ikiadhiniwa wasimame kabisa.

Kupakua: sinia la kwanza liende kwa wagonjwa na wazee wasiotoka ndani, Wakristo kwa Waislamu, kabla meza ya padre haijaandaliwa.